Sambaza

Kadutu, saa tisa, mvua imeondoka sasa hivi,
tope jekundu limekamata kisigino cha kiatu changu.
Akonkwa, ndani ya kibanda chake cha mbao,
anajaza simu za watu: nyimbo, filamu, mahubiri, vitabu.
Franga mia tano, folda nzima.
"Mama, unapenda riwaya? Iko moja ya mtu wa hapa hapa."
Akanigeuzia kioo.
Jina langu, limepungua herufi moja.

Nikalipa.
Sikujua mtu hufanya nini kingine.

Usiku, umeme umekwenda zake kama kawaida,
nikajisoma gizani.
Kurasa zimepigwa picha kwa haraka, zimelala upande,
ukurasa wa kumi na mbili umeingiliwa na kidole gumba,
ukucha wake umegawanywa na kovu.
Kidole hicho nakijua. Tulikata naye sombe
miaka sita ya bweni, kisu kimoja.
Nikarudi ukurasa wa kwanza, na mwandiko wangu huo hapo:
"Kwa Cibalonza, aliyenisoma kabla ya wote. Usimwazime mtu."

Sasa hata wauza mafuta wa Uvira wameonywa
wasimwazime mtu.

"Nilimpigia dada yangu tu," Cibalonza akasema,
"yuko Shabunda, gari halifiki, kitabu kingefikaje?
Yeye tu."
Na yeye tu akawa na shemeji,
shemeji akawa na kwaya,
kwaya ikawa na nchi.

Sambaza, ndivyo wanavyoandikiana. Sambaza kwa wengine.
Katika mji huu neno hilo lina magamba.
Linavuliwa ziwani usiku kwa taa,
linaanikwa, linapimwa kwa kikopo,
na Mama Nsimire anajua hesabu ya vikopo vyake
kuliko umri wa wanawe.
Ukichota, beseni lake linashuka, kila mtu anaona.
Langu halishuki. Wachote elfu, limejaa vilevile,
ndiyo maana wanaapa hawajagusa kitu.
Kinachoshuka kiko nyumbani kwangu:
karo ya Bisimwa, mihula miwili;
nakala mia mbili na kumi chini ya kitanda,
panya ndio wanaozisoma, nao pia hawalipi;
zamu yangu ya likelemba, niliyoiomba kabla ya wakati
nimlipe mchapaji wa Kampala,
na ambayo Mama Nsimire, mshika daftari letu,
hajaitaja mbele za watu.
Bado.

Jumapili namba nisiyoijua ikaniandikia:
"Mimi muuguzi, Kamituga. Sura ya tisa umemuua yule mama bure.
Nilikuwa zamu ya usiku, nikalia mpaka mgonjwa
akaniuliza nani amefariki.
Kitabu cha pili kinatoka lini?"
Nikasoma mara nne.
Nikaandika: mwizi. Nikafuta.
Nikaandika: asante. Nikafuta.
Nikauliza yule mgonjwa aliamkaje.
Aliamka vizuri. Yeye pia sasa anacho, kwenye simu yake.

Leo sokoni Mama Nsimire amenipimia vikopo viwili, nikalipa,
kisha akatia konzi moja juu, bila kuombwa.
"Hiyo matabishi. Nimetaka mwenyewe."
Nimetaka mwenyewe.
Nikabeba maneno hayo na samaki, mfuko mmoja.

Mezani daftari liko wazi, ukurasa wa arobaini na moja.
Tangu Machi kuna mtu nimemwacha mlangoni,
mkono juu, hajabisha,
na huko ndani ya daftari mvua inamnyeshea.
Nikaosha mikono. Harufu haikutoka.
Nikakaa.