Karavani, Luchelele

Pitisha kidole ubavuni: kinarudi cheupe
kama cha mwalimu mwisho wa kipindi.
Miaka kumi na minne jua la ziwani
limeila faiba hii bila kelele.

Msasa wa maji, namba elfu, kisha elfu mbili.
Uji mweupe unachirizika mpaka kwapani.
Sayi anataka ing'ae kufikia Ijumaa,
auze chipsi.

Penye herufi zilizobanduliwa
rangi bado ni ya siku ya kwanza:
KLINIKI YA MACHO.
Hapa mama alivishwa miwani,
akanigeukia, akanitazama weee,
"Kumbe una kovu."

Nikisugua sawasawa, maneno yatafutika.
Nimefika kwenye M.
Nasuuza kitambaa.
Nakisuuza tena.