Jedwali la Magari

Ghorofa ya sita, mjini Ruse, Ijumaa ya Januari.
Lifti imekufa tangu Krismasi,
ukungu wa Danubi umebandikwa dirishani kama karatasi ya kaki,
na mimi, mwamuzi wa mchezo, nimeketi nyuma ya kadibodi yangu
nikificha bei.

Hapa mezani pana nchi isiyo na serikali.
Fedha yake ni fyuzi.
Nimekesha mikesha mitatu nikiandika:
pikipiki isiyo na nambari, fyuzi arobaini, dadu ianguke nne au zaidi;
gari la wagonjwa, king'ora kimeng'olewa, mia mbili na kumi, tano au zaidi;
lori la deraya, elfu moja mia tisa, sita tupu,
na ukikosa usiulize tena mpaka mwezi uandame.

Desislav anataka lori. Siku zote Desislav anataka lori.
Mhusika wake ana kovu, ana bunduki, hana leseni.
Kalina anapanga fyuzi zao juu ya boksi la pizza:
"Mia sita na kumi na mbili. Tupunguzie, bwana."
"Bei ni ya jedwali," nasema. "Jedwali halina huruma."
Jedwali, kusema kweli, ni mimi.

Ndipo bibi Stoyka akaingia na chai,
ndara zikiburuta,
akachungulia nyuma ya kadibodi,
mpaka ambao hakuna mchezaji aliyewahi kuuvuka.
Akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena.

"Nani kakuandikia upuuzi huu?
Gari jipya ghali, gari kuukuu rahisi?"
"Ndivyo ilivyo, bibi."
"Dukani. Magendo hayana duka."
Akavuta kiti.
"Gari jipya ni ahadi, na ahadi hata serikali inazo.
Kuukuu liko pale uani, lina magurudumu, linawaka.
Hilo ndilo ghali.
Na bei usiiandike
kabla hujaona viatu vya mnunuzi."

Akamgeukia Desislav: "Unalitaka leo?"
"Leo hii, bibi!"
"Basi elfu mbili na mia tano."
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Waliweka amana ya Moskvich mwaka wa sabini na moja.
Subira huvuta heri, wanasema;
kwao ilivuta miaka kumi na minne.
Baba yangu akaota meno, akayang'oa, akaota mengine,
akaota ndevu.
Mwaka wa tatu bibi akajifunza kuendesha, ili asije akakutwa hayuko tayari.
Akafaulu mara ya kwanza.
Barua ilipofika, babu alipanda treni kwenda kulichukua,
na langoni mwa bohari alikuwepo daktari wa meno kutoka Razgrad,
na mkoba,
na ndani ya mkoba bei mara mbili.
Babu akavitazama viatu vyake mwenyewe.
Akarudi kwa treni.

"Tulinunua jokofu," bibi alisema. "Zuri. Lilidumu."

Leseni imo kwenye droo ya vifungo.
Droo ile ile ninamochukua betri.

Kalina akamsogezea dadu. "Tutupie, bibi."
Akaitupa kama anayewatupia kuku mahindi.
Ikabiringika, ikagonga boksi, ikaegemea:
si tano, si sita.
"Inarudiwa," nikasema, "ndiyo kanuni."
"Magendo hayarudiwi, mwanangu."

Desislav alinitazama. Kalina alinitazama.
Nje, gari fulani lilikohoa mara tatu katika baridi, likakataa.
"Haya," nikasema. "Lori linapatikana."

"Kwa ngapi?" akadakia Desislav, mkono tayari kwenye fyuzi.
Bibi akamzuia kwa kijiko.
"Kwanza rangi. Ni la rangi gani?"

Nikapekua mikesha yangu mitatu:
bei, dadu, mwendo, unene wa bati,
idadi ya risasi kabla tangi halijalipuka.
Hakuna mahali nilipoandika rangi.

Bibi akaweka kijiko chini,
akangoja.