Mpatanishi

Nilikata picha kwenye kalenda kuukuu,
nikazibandika ukutani kwa uji uliobaki:
mkimbiaji aliyeanza pekupeku,
daktari wa moyo,
mzee wa tai aliyeketi siku arobaini
kati ya pande mbili zisizosalimiana
mpaka bunduki zikanyamaza.
Kila maisha nikayapa neno.
Mkimbiaji: ukakamavu. Daktari: umakini.
Mzee wa tai: upatanishi.

Watoto hamsini na watatu, Gredi ya Nne, Huruma,
wakakariri silabi mpaka mabati yakaitikia.

"Mwalimu, mtu mashuhuri ni nani?"
"Anayejulikana na wengi," nikajibu, nikiwa nimewapa mgongo.
"Basi ni mama yangu," akasema Kwamboka.
"Wanamjua kuanzia Gikomba. Wanakuja hadi mlangoni
alfajiri, wanamwita majina yake yote matatu,
na sisi tunanyamaza ndani, taa tumezima."

Darasa likaangua kicheko.
Nami meno yalikuwa yameshatoka
nilipoelewa ni akina nani hao wanaobisha.

Anauza soksi, mama huyo. Za mtumba,
zinazofika robotani kila moja na upweke wake.
Usiku anazimwaga sakafuni, anatafuta pacha kwa pacha,
kijivu hiki na kijivu kile, visigino vinavyokaribiana.
Zisizofanana kabisa anazikunja pamoja hata hivyo,
anaziambia: zoeaneni.

"Huo ndio ukakamavu!" akaropoka Wekhomba, mwindaji wa alama.
"Sio," akasema Kwamboka. "Huo ni kukosa usingizi.
Ukakamavu ni wa yule mwenye medali."

Sikuwa na la kusema. Nilifuta ubao
uliokuwa tayari safi.

Jioni, kwenye rundo la madaftari,
lake lilinuka mafuta ya taa:
*Mama yangu ni mpatanishi wa soksi.*
Kalamu nyekundu ikasita. Silabasi inajua
kwamba mpatanishi hukaa mezani,
maji ya chupa mbele yake, bendera nyuma.
Nikatia vema, kubwa, ikavuka mstari,
ndipo nikaona sentensi ya pili
ambayo sikuwa nimeiomba:
*Lakini wanaomdai bado hajapatana nao.*

Nayo nikaitia vema.
Kisarufi, haikuwa na kosa.