Hapa Niachie

Nilimpelekea Kwandu kurasa mia mbili na kumi
ndani ya mfuko wa unga, kamba juu:
mji ulio chini ya ziwa, ng'ambo kidogo ya Saanane,
malango yake ya magamba, mtawala wake asiye na kope,
na Ng'walu, binti anayeshuka kumdai kaka yake.

Nilimkuta Mwaloni, magoti mchangani,
akiandika namba ubavuni mwa mtumbwi kwa rangi nyeupe.
"Weka pale," akanielekeza kwa kidevu,
"pasipo na maji."

Wiki tatu kimya.
Zikarudi zinanuka mafuta ya taa,
na pembeni, kwa penseli ya seremala, maneno mawili:
*Hapa niachie.*

Ukurasa wa tisa. Lango langu!
Nililijenga kwa sentensi kumi na nne,
kila gamba nimelisugua, kila bawaba nimeipa mlio,
naye amepitisha mstari mmoja juu ya zote
kama afutaye jina la mtumbwi uliouzwa.

Nikapanda Igogo kwa miguu, hasira mbele, mimi nyuma.
Nyumba yake imeegemea jiwe,
au jiwe limeiegemea nyumba;
miaka yote napita pale sijajua
nani anamzuia mwenzake asiporomoke.

Akanifunulia karatasi.
Hakuna gamba hata moja.
Giza tu, lenye umbo la kinywa cha samaki,
na chini kabisa, mdogo kama punje ya ulezi,
kisogo cha Ng'walu.
"Wewe umelieleza lango," akasema.
"Mimi nimechora linavyomtazama."

Usiku ule nilikata sentensi kumi na tatu.
Iliyobaki: *Maji yalinuka chuma.*
"Hiyo siiwezi," alisema Kwandu. "Wino hauna pua."

Basi tukagawana, si nusu kwa nusu.
Nilichukua baridi, majina, sauti ya mama
ikiita kutoka juu ya maji, ikikatika.
Yeye akachukua giza lote, na nguo.
Mtawala nilimsihi amchore, akakataa katakata:
alichora sahani, miiba ya sato,
kiti kilichosukumwa nyuma sasa hivi.
"Kila msomaji ana wa kwake kitandani," alisema,
"kwa nini nimpe wangu?"

Sura ya kumi na moja niliandika:
*"Siogopi," akasema Ng'walu.*
Yeye akachora vidole vya miguu
vimeng'ang'ania jiwe kama kupe.
Tulibishana hadi chai ikapoa.
Nani mwongo, neno au kidole?
Nikalisoma tena, nikatazama, nikasoma,
na nywele za mkono wangu zikasimama:
hofu ilikuwa imepita katikati yetu
bila kumwomba yeyote ruhusa.

Kisha kiwandani, mtaa wa Rufiji,
Bugingo mchapaji akakosea.
Picha ya kaka, matamvua yameshaota shingoni,
akaiweka kurasa sita kabla ya wakati wake.
Siri yangu ya mwaka mzima, nje, kama utumbo wa samaki!
Nikashika kichwa. Nikataka yote yavunjwe.

Lakini Minza, bintiye Bugingo,
alikuwa ameketi juu ya marobota ya karatasi, anasoma.
Akaifikia picha. Akaganda.
Akarudi kwenye maneno, pale ambapo Ng'walu,
asiyejua kitu, anacheka,
anapiga hatua, anaita jina la kaka yake,
na mtoto yule, kiganja mdomoni,
akaiambia karatasi kwa sauti ndogo:
"Usiende. Usiende, wewe."

Kurasa sita nzima.
Mimi sikuzitunga hivyo. Wala Kwandu.

"Nirekebishe?" Bugingo aliuliza,
mkono tayari juu ya bamba.
Nilimtazama Kwandu.
Alikuwa ameshaitoa penseli nyuma ya sikio,
ameinama juu ya nakala ya majaribio,
anaandika pembeni, taratibu, kama aandikavyo mitumbwi:
*Hapa mwachie.*