Mguu Una Mashavu

Miaka kumi na miwili nimepanda milima yote ya Bukavu
nikiwa nimekaa.
Nyawera naijua kwa gia ya pili,
Kadutu kwa gia ya kwanza na dua,
Panzi kwa breki ya nyuma iliyokwisha.
Miguu yangu ilikuwa abiria
asiyelipa nauli.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri,
nikaiacha pikipiki chini ya turubai
nikakimbia.
Nilidhani nitafika Muhumba.
Nilifika kwa muuza vocha, hatua mia mbili,
naye aliponiona akaanza kufunga mlango,
maana katika mji huu mtu akikimbia
watu hawamwangalii yeye,
wanaangalia nyuma yake.

Jumanne hakikuuma kitu. Nikajisifu.
Deni la mguu halidaiwi siku ya kukopa.

Jumatano nikashusha mguu kitandani, sakafu ikaukataa.
Ndipo nikajua kwa nini waliotupa lugha
waliuita mnofu ule shavu la mguu:
lilikuwa limenuna.
Mashavu mawili, yamevimba
kama ya mtoto aliyenyimwa kitumbua.
Jicho la mguu halikulala.
Pia ya goti ilizunguka bila kamba.
Na muundi, huo ulikaa kimya
kama msumari uliosahauliwa ubaoni,
ukingoja niukanyagie.
Kumbe nina uso wa pili huko chini.
Miaka yote sikuutazama,
leo unanikodolea.

Ngazi za uani niliziteremka kinyumenyume,
kama kaa, viganja ukutani.
Binti yangu Ansima alihesabu kwa sauti:
ngazi kumi na nne,
uwii kumi na nne.

Nankafu akachemsha maji, akatia chumvi,
akaweka beseni mbele yangu bila neno.
Alipopita mara ya tatu ndipo akauliza:
"Mwaka ule tulikimbia na godoro kichwani.
Wewe sasa unakimbia nini?"
Sikuwa na jibu.
Maji yalikuwa ya moto mno.

Ijumaa nikarudi barabarani,
nusu mbio, nusu kuchechemea.
Penye mpando, Mama Nsimire akanipita.
Gunia la makaa mgongoni, kamba kwenye paji la uso,
na mimi mikono mitupu, nahema.
Hakusimama. Mwenye mzigo hasimami mlimani.
Akanisemesha huku anakwenda:
"Fupisha hatua, Mugisho.
Mlima usiutazame.
Tazama kisigino cha aliye mbele."

Aliye mbele alikuwa yeye.
Kandambili moja ya kijani, nyingine ya njano,
mkanda umefungwa kwa uzi wa gunia,
kisigino kimepasuka kama udongo wa kiangazi.
Nikakitazama kisigino kile hadi juu.
Pale nikamuuliza: yako haikuumi?
"Inauma. Sijaipa kiti tu."

Miaka kumi na miwili nimempita mahali pale pale,
mimi na injini yangu.
Siku za mvua, nadhani, nilimrushia tope.
Nilitaka kumwambia.
Pumzi ilikuwa haijarudi,
na alikuwa ameshakata kona.

Leo Jumapili sikimbii.
Nimekaa barazani, mafuta ya mawese kiganjani,
nasugua polepole kutoka kifundoni kwenda juu,
shavu moja, kisha jingine,
kama mtu anayeomba radhi
kwa kosa asilolijua lote.

Ansima amechuchumaa, anachungulia.
"Baba, kama mguu una mashavu
na una jicho,
mdomo wake uko wapi?"

Nikamwonyesha kisigino,
lengelenge lililofunguka jana.

Akainama, akatega sikio.
"Unasema nini?"

Unasema Jumanne.
Kesho hapana. Jumanne.