Neno la Kuanzia na K

Macho ndiyo yaliyogoma kwanza.
Yalikataa kushuka.
Mama, aliyetia tundu kofia za nusu ya wanaume wa Limbani,
akawa anaiinua kazi hadi usawa wa paji
kama mtu anayesoma barua juani,
na sindano inamchoma kidole asichokiona.

Majirani wakasema: Bi Mize siku hizi kajikweza,
unampa mkono, yeye anatazama boriti.
Kisha akaanza kuanguka, chali,
si kwa kujikwaa, si kwa utelezi wa kisimani,
ila kama mtu anayevutwa pindo la kanga kwa nyuma.
Mara tatu Rajabu, mara tisa Shaabani.
Ramadhani tuliacha kuhesabu.

Tukavuka kwenda Unguja. Daktari, kijana wa Mkoani,
akamwambia kwa lafudhi ya kwetu:
"Nipigie makofi matatu, bibi."
Akapiga matatu. Akapiga la nne, la saba, la kumi,
mikono ikaendelea kama ukumbini bibi harusi anatolewa,
uso mkavu kama kiwambaza,
nami, Mungu anisamehe, nilicheka,
kisha nikapiga naye ili asipige peke yake.

"Sasa nitajie maneno ya kuanzia na K.
Yoyote. Una dakika moja."
Mama akasema: Kofia.
Saa ya ukutani ikasema maneno sitini.
Mama akarudi pale pale: Kofia.

Daktari akawasha picha ya ubongo,
weupe juu ya weusi, akatuonyesha shina lake,
pale palipopungua, palipochongoka.
"Wenzetu wa ng'ambo wanaona ndege hapa.
Kichwa, mdomo mrefu, mwili mdogo."
Nikatazama, nikamwona.
Wa ng'ambo wapi! Huyu ni chozi,
huyu huyu anayefyonza ua la mgomba nyuma ya jiko letu.
Nikamtajia daktari jina lake
naye akanyamaza, maana neno lile
lilikuwa limeshanifika shavuni.

Maradhi yana jina refu la kigeni. Nimeliandika
nyuma ya cheti cha spitali, sijalikariri.
Nilichokariri ni hiki:
sahani juu ya kopo la maziwa,
kopo juu ya beseni lililopinduliwa,
wali uje mbele ya macho, kwani macho hayaufuati.
Uji uwe mzito; chai nyepesi inampalia.
Anaswali kitini. Mahala pa sijida hapaoni tena,
anasema, akisema, kwa sauti ya mtu aliye chumba cha tatu.

Wanadhani kasahau. Hajasahau.
Muulize bei ya uzi mwaka ule wa karafuu nyingi,
kisha nenda kachote maji, kafagie, kaanike,
ukirudi jibu limeshafika, sahihi,
limechoka kama mgeni aliyetoka Kigomasha kwa miguu.
Kilichopotea ni kutaka.
Hataki embe, hamtaki mjukuu, haulizi nani kafa.
Kofia yake ya mwisho imo mkobani,
robo ni tundu, robo tatu alama za penseli.
Nimejaribu kuimaliza. Mkono wangu si wake,
tundu zangu kubwa, zinapitisha kidole.

Jana usiku, siku ya kumi na moja tangu tutoke Unguja,
mvua ya vuli juu ya bati,
nimelala mkekani kando ya kitanda chake,
nikasikia: "Kisima."
Nikainuka. Nikangoja.
Bati likapigwa, likaachwa, likapigwa.
"Kawa."
Kisha, sijui baada ya muda gani:
"Kazija."

Sikujua anamjibu daktari
au ananiita.
Nikaitika kwa yote mawili,
nikamgeuza ubavu wa kulia,
maana saa ya kumgeuza ilikuwa imeshapita.