Sahani na Wali

Santuri ilikuja na ami yangu Sleyum,
imelazwa ndani ya mto wa pamba.
Ikavuka bahari salama, ikaja kuvunjika Ibra:
ufa kama unywele,
toka ukingoni hadi karatasi nyekundu.

Nikaiweka chumba cha tatu,
baina ya birika na pasi ya makaa.
Sauti nikainakili kwa simu ya mwanangu
kabla ufa haujazidi,
nikatundika spika juu ya mlango.
Kila aliyelipa baisa mia tano
alipokewa na fidla, na mwanamke
anayeomba arudishiwe ufunguo wake.

Kisha barua, kutoka Dubai.
*Pasipo idhini*, imepigiwa mstari mara mbili.

Wakili wa Ruwi alivua miwani.
"Bi Muzna, hii ni yako?"
Yangu. Ami aliinunua Darajani, risiti ninayo.
"Alinunua sahani," akasema.
"Wali una wenyewe."
(Bibi yake mzaa mama ni wa Ng'ambo;
ndiyo maana alijua pa kunikata.)

Akawahesabu wenye wali:
aliyetunga maneno, aliyetia lahani,
na kampuni iliyowanasa wote chumba kimoja,
ikafa Bombay, ikarithiwa, ikauzwa,
ikauzwa tena pamoja na viti.
Na aliyeimba?
Akapekua, akapekua.
Aliandikwa "Bibi", basi.

Riali mia nne kwa mwaka.
Mwaka mzima mimi huingiza mia tatu na kumi,
na Ramadhani hapakanyagi mtu.

Spika nimeishusha.
Hedifoni nimeziacha msumarini,
waya wake hauendi popote,
na kibao kwa lugha tatu: Sauti haipo kwa sasa.

Alhamisi akaja Bi Thuwaiba, mstaafu wa posta.
Kibao hakukisoma.
Akavaa hedifoni, akafumba macho.
Nilifungua mdomo nimwambie,
kidole chake kikaanza kugonga kioo.

"Hapa," akasema, kwa sauti kubwa
ya mtu aliyezibwa masikio,
"hapa fidla huchelewa."
Akaingoja. Ikafika, nadhani,
maana alitabasamu.

Dakika tatu na nukta kumi, kwa saa ya ukutani:
urefu wa santuri, haukupungua.
Akavua, akajifunga vizuri mtandio.
"Mmeitengeneza," akasema.
"Haina hata mkwaruzo."

Jioni nikafungua daftari:
mgeni mmoja, baisa mia tano.
Na hii sasa,
nimwandikie nani kuomba ruhusa?